John Kemeny: Lugha ya Wote na Bei ya Zana

Utangulizi

Miongoni mwa wataalamu walioacha alama ya kudumu katika taaluma ya tarakilishi, John George Kemeny ana nafasi ya pekee. Wengi humkumbuka kama mwasisi mwenza wa lugha ya programu iitwayo BASIC. Makala haya yanaangazia maisha yake kwa kuzingatia swali moja lililomwandama hadi uzeeni: lugha ya programu inaponuiwa kuwa ya watu wote, ni nani anayepaswa kugharimia zana za kuitumia?

Malezi na elimu

Kemeny alizaliwa mjini Budapest, Hungaria, tarehe 31 Mei 1926, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka wa 1940 alihamia New York pamoja na jamaa zake kwa kuhofia dhuluma za Wanazi. Akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alipelekwa Los Alamos, mahali bomu la atomiki lilipokuwa likiundwa. Huko alishiriki kufanya hesabu kwa mashine za kadi zilizotobolewa, kazi iliyowashughulisha watu wengi usiku na mchana. Aliporejea Princeton alikuwa msaidizi wa Albert Einstein katika hisabati, na mwaka wa 1949 akahitimu shahada ya uzamifu.

Kuzaliwa kwa BASIC

Mwaka wa 1953 Kemeny alijiunga na Chuo cha Dartmouth, jimboni New Hampshire, na baada ya muda mfupi akawa mkuu wa idara ya hisabati. Enzi hizo tarakilishi ilikuwa mali adimu. Mtumiaji aliandaa kadi zake, akazikabidhi kwa wahudumu wa mtambo, kisha akasubiri majibu kwa saa nyingi au hata siku kadhaa. Kosa dogo tu lilimrudisha mwanzo. Kwa hakika, mtaka cha mvunguni alilazimika kuinama sana.

Kemeny na mwenzake Thomas Kurtz waliona kuwa hali hiyo iliwafungia nje wanafunzi wa fasihi, historia na sayansi za jamii. Walikata shauri kubuni mambo mawili kwa pamoja: mfumo wa kuwawezesha watu wengi kuutumia mtambo mmoja kwa wakati mmoja, na lugha nyepesi ambayo mwanafunzi angeweza kuanza kuitumia baada ya masomo machache. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 programu za kwanza za BASIC zilifanya kazi katika mtambo wa kampuni ya General Electric.

Hata hivyo, wepesi wa lugha pekee hausimulii kisa chote. Kemeny alishikilia kwamba tarakilishi ifanane na maktaba ya chuo: mwanafunzi aingie apendapo, asidaiwe ada wala kuulizwa sababu. Matumizi yakawa bure kwa wanafunzi. Si kwamba hakukuwa na gharama. Mtambo ulikuwa ghali, na chuo kilisaidiwa na ruzuku ya shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi. Tofauti ni kuwa mzigo huo haukuwekwa begani mwa anayejifunza. BASIC ikaenea katika shule na vyuo vingine, na tangu mwaka wa 1975 ikaingia katika tarakilishi ndogo za binafsi.

Uongozi

Kemeny alikuwa rais wa Dartmouth kuanzia mwaka wa 1970 hadi 1981. Katika kipindi hicho, mwaka wa 1972, chuo kilianza kuwasajili wanawake kama wanafunzi kamili wa shahada. Mwaka wa 1979 aliiongoza tume ya rais wa Marekani iliyochunguza ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island.

Mtihani wa True BASIC

Alipouacha urais, Kemeny alikuta kuwa BASIC imegawanyika katika lahaja nyingi. Programu iliyoandikwa kwa mashine moja ilikataa kufanya kazi katika nyingine, na lahaja nyingi zilikosa miundo ya kuuwezesha msimbo kusomeka vyema. Mwaka wa 1983 yeye na Kurtz waliunda kampuni ya kutayarisha True BASIC, toleo lililopangika na lililokusudiwa kufanya kazi kwa namna moja katika mashine mbalimbali.

Kwa ubora, toleo hilo lilizishinda lahaja nyingi zilizokuwapo. Lakini sasa lilikuwa bidhaa yenye bei. Apple II, Commodore 64 na IBM PC zote zilinunuliwa zikiwa na BASIC ya aina fulani ndani yake. Mwenye mashine aliona kuwa tayari anayo BASIC. Kwa nini alipe tena? Washindani nao hawakuuza ghali: Turbo Pascal ilitoka mwaka wa 1983 kwa dola 49.95. Mwaka wa 1991 MS-DOS 5 ilikuja na QBasic bila malipo ya ziada. True BASIC ikabaki lugha ya wachache, hasa katika baadhi ya madarasa.

Hapa pana funzo. Bei ya zana humgusa kwanza yule asiyejua bado kama lugha itamfaa. Mtaalamu huweza kupima faida na kulipa, ilhali mwanagenzi huishia mlangoni. Wanagenzi wakipungua, vitabu na walimu hupungua. Soko likiwa dogo, ni vigumu kwa mwuzaji kupunguza bei.

Hitimisho

Kemeny aliaga dunia tarehe 26 Desemba 1992. Mgala muue na haki yake umpe: kampuni yake ndogo haikuwa na chuo wala mwuza mashine wa kuibebea gharama, na watayarishaji wake walihitaji riziki. Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha kuwa kubuni lugha bora ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuamua nani atalipa ili mgeni aingie bila kudaiwa.