Wolbach: Jina Lililobaki Ndani ya Mbu

Ukimtaja Wolbach leo, wanabaiolojia wengi watawaza bakteria, si mtu. Lakini mtu alikuwepo, na maisha yake yanatugusa sisi ambao kila tukipeleka mada ya utafiti tunaulizwa: hii itasaidia nini?

Burt Wolbach alizaliwa mwaka 1880 Grand Island, Nebraska, Marekani. Alisomea udaktari Harvard, akabobea kwenye patholojia. Hakuwa mtu wa kujifungia maabara. Mwaka 1911 alikwenda Gambia kuchunguza malale. Mwaka 1920 yuko Poland, vita imekwisha lakini tifasi, ile homa ya chawa, inamaliza watu. Huko yeye na wenzake walichunguza vijidudu viitwavyo riketsia, ndani ya chawa na ndani ya wagonjwa.

Basi akataka kujua: wadudu wengine je? Yeye na Marshall Hertig wakaanza kupasua wadudu. Mwaka 1924 wakatangaza kwamba ovari za mbu wa kawaida, Culex pipiens, zina bakteria. Mbu hawaugui, binadamu haambukizwi. Hivi, nani angetoa hela kwa jambo kama hilo? Mwaka 1936 Hertig akawapa jina Wolbachia pipientis, kumuenzi mwenzake.

Wolbach alifariki 1954 bila kujua bakteria wale wana kazi gani. Jibu likapatikana 1971, huko California. Mbu dume mwenye bakteria akimpanda jike asiye nao, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye bakteria haohao huzaa na dume yeyote, na watoto huwarithi kwake. Kwa hiyo kila kizazi wenye bakteria wanazidi kuwa wengi.

Baadaye watafiti wakawatoa Wolbachia kwa nzi wa matunda, wakawapandikiza kwa mbu Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi. Ndani ya mbu huyo virusi vya dengi hupata shida kuzaliana. Jaribio la Yogyakarta, Indonesia, lililochapishwa 2021, lilionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77.

Hiyo ilikuwa miaka 97 tangu ile ripoti ya ovari za mbu. Wolbach angeulizwa itasaidia nini, asingekuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni kitu alichokiona na kukiandika sawasawa, mwingine akakikuta. Mwenzangu, kabla hujaitupa mada yako, kumbuka hilo.