Mwanasheria Mkuu aliyekipa kiboko baraka za sheria

MIONGONI mwa maafisa wa serikali ya kikoloni walioketi katika Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi, ni wachache ambao kalamu yao iliacha makovu kama ile ya Eric Griffith-Jones.

Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka wa 1913, alikuwa wakili wa serikali huko Malaya kabla ya kuletwa Kenya. Mwaka wa 1955 alimrithi John Whyatt kama Mwanasheria Mkuu, hali ya hatari ikiwa katika mwaka wake wa tatu.

Wadhifa huo ulikuwa na mamlaka ya kutisha. Aliyeushikilia ndiye aliyemshauri Gavana, ndiye aliyewasilisha miswada barazani na kuitetea, na ndiye huyo huyo aliyeamua nani ashtakiwe na nani aachwe. Afisa wa kambi akimuumiza mfungwa, basi kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere.

Machi 1957, Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi, waliingia katika baraza hilo. Juni mwaka huo huo, Griffith-Jones alimwandikia Gavana Evelyn Baring waraka wa siri kuhusu kambi za Mwea, ambako wafungwa wa Mau Mau walipigwa hadi wakatii. Alieleza sehemu za mwili zisizofaa kupigwa, kama vile ini, wengu na figo, na kusisitiza kwamba wapigaji wasiwe na hasira. Kisha akaandaa kanuni za kuhalalisha nguvu hizo, mradi mambo yafanywe kimyakimya.

Si kwamba hakujua uovu wake. Yeye mwenyewe alikuwa amefananisha yaliyotendeka kambini na Ujerumani ya Wanazi. Hilo ndilo linalomfanya kuwa mgumu kusameheka kuliko askari aliyeshika rungu.

Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo huko Hola. Serikali kwanza ilidai kwamba vifo hivyo vilitokana na maji waliyokunywa. Uongo huo ulipofichuka, Mwanasheria Mkuu aliamua kwamba hapakuwa na ushahidi wa kumshtaki yeyote. Julai, bunge la London lilikesha likijadili mauaji hayo, na Enoch Powell wa chama tawala akaikosoa vikali serikali ya chama chake.

Griffith-Jones hakuadhibiwa. Alipanda cheo kuwa Naibu Gavana kuanzia 1961 hadi 1963, akatunukiwa hadhi ya Sir, na kufariki mwaka wa 1979.

Nafasi ya Mwanasheria Mkuu bungeni ilidumu baada ya uhuru, ingawa bila kura, hadi Katiba ya 2010 ilipoiondoa na kukabidhi mashtaka kwa afisi nyingine.

Waraka wake ulijitokeza mwaka wa 2011, Uingereza ilipokiri kuficha faili za makoloni katika eneo la Hanslope Park. Juni 6, 2013, serikali hiyo ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa.