Emil Zátopek

Emil Zátopek alizaliwa mwaka 1922 nchini Chekoslovakia. Alipokuwa kijana aliajiriwa katika kiwanda cha viatu mjini Zlín, na huko ndiko alikolazimishwa kushiriki mbio zake za kwanza, ijapokuwa hakuzitaka. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alishinda mbio za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, ambayo hakuwa amewahi kuikimbia.

Hata hivyo, sifa hazikumlevya. Mwaka 1966 alimkaribisha mjini Prague Ron Clarke, mwanariadha wa Australia aliyevunja rekodi nyingi za dunia bila kupata dhahabu ya Olimpiki. Walipoagana, Zátopek alimtia mkononi kifurushi kidogo. Clarke alipokifungua safarini, alikuta medali ya mita 10,000 ambayo mwenyeji wake aliishinda Helsinki. Zátopek alifariki mwaka 2000, na hadi leo zawadi hiyo hutajwa sambamba na ushindi wake.

Zoezi: Bainisha virejeshi vilivyotumika katika kifungu hiki, kisha ueleze kila kimoja kinarejelea nini.