Charles Messier, mwindaji wa nyota zenye mkia

Ndugu wanafunzi, jina la Halley wengi mulilisikia katika masomo. Mimi ninataka kuwaelezea habari za mtu mwingine, Charles Messier, ambaye hakuwa fundi wa hesabu. Alikuwa na macho mazuri na uvumilivu tu.

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1730 huko Badonviller, katika Lorraine. Walizaliwa 12, yeye alikuwa wa 10. Baba yake akakufa Charles akiwa na miaka 11. Mwaka wa 1751 akaenda Paris kutafuta kazi, na Bwana Delisle, mwenye kuchunguza nyota kwa ajili ya jeshi la majini, akamwandika. Sababu gani? Mwandiko wake ulikuwa mzuri! (Wenye kuandika sawa kuku wasikie.)

Wakati ule Ulaya nzima ilikuwa inangojea nyota yenye mkia ya Halley. Halley mwenyewe alikuwa amekufa mwaka wa 1742, lakini aliacha hesabu kwamba ile ya mwaka wa 1682 itarudi nyuma ya miaka 76 hivi. Delisle akachora ramani ya njia yake, akamtuma Messier kuitafuta pale. Akatafuta usiku kwa usiku, zaidi ya mwaka mmoja, baridi ao hapana. Hakuna kitu. Kumbe, ramani ilikuwa na kosa! Mwishowe akaanza kutazama pembeni ya ile njia, na tarehe 21 Januari 1759 akaiona.

Musifikiri aliona mkia mrefu wa kumeremeta. Aliona mwanga mdogo, hafifu, sawa moshi. Nyota ya namna hii ni barafu na vumbi. Ikiwa mbali na jua, ni shida kuiona. Ikikaribia, barafu inageuka mvuke, kichwa kinavimba, mkia unatoka, mwanga unaongezeka; kiisha ikienda zake inafifia tena.

Delisle akamkataza kutangaza habari. Messier akatii, akaendelea kuifuata kimya. Ilipofika tarehe 1 Aprili ndipo mkubwa wake akakubali kusema, lakini mkulima mmoja wa Ujerumani, Palitzsch, alikuwa ameiona tangu tarehe 25 Desemba 1758. Na katika Paris wengine hawakutaka kusadiki. Kwangu mimi, ile ilikuwa uonevu, maana kosa la ramani halikuwa lake.

Hakuacha kazi. Tarehe 14 Juni 1770 akavumbua nyingine, ndogo, isiyo na mwanga mwingi. Siku chache tu, ikakua! Tarehe 1 Julai ilipita karibu na dunia, kilometa milioni 2 na kitu, na kichwa chake kilionekana kupita upana wa mwezi mara nne na zaidi. Bwana Lexell akahesabu kwamba inazunguka jua kwa miaka 5 na nusu. Lakini sayari ya Jupita ikaivuta ikaitupa mbali, na hata leo haijaonekana tena.

Katika kutafuta, alikuwa anakuta mawingu madogo ya mwanga yasiyotembea, yakamdanganya. Akayaandika kusudi yasimpotezee wakati tena. Orodha yake ya mwaka wa 1781 ina vitu 103, na wachunguzi wa nyota wangali wanaitumia.

Mwaka ule ule akaanguka katika shimo la kuwekea barafu, akavunjika mkono, paja na mbavu. Alikaa mwaka mzima bila kazi. Mke na mtoto alikuwa amewapoteza tangu 1772. Kiisha Mapinduzi yakaja, mshahara ukakatwa. Rafiki yake Saron alimhesabia njia ya nyota moja akiwa gerezani. Tarehe 20 Aprili 1794 wakamkata kichwa.

Messier akakufa Paris tarehe 12 Aprili 1817, akiwa na miaka 86. Nyota ya Halley iliporudi mwaka wa 1835, alikuwa kaburini miaka 18.