Kapteni Owen: Mpimaji wa bahari aliyeacha jina la Port Reitz

WAKAZI wa Changamwe hulitaja jina la Port Reitz kila uchao, waendapo kazini, hospitalini au katika uwanja wa ndege. Aghalabu hawajui kuwa jina hilo ni la kijana baharia, Luteni John James Reitz, aliyeaga dunia Mei 1824, miezi michache tu baada ya kukabidhiwa usimamizi wa Mombasa. Wachache zaidi humkumbuka mtu aliyemkabidhi kazi hiyo, Kapteni William Fitzwilliam Owen.

Owen alikuwa mpimaji wa bahari. Kazi yake ilikuwa kukusanya maelfu ya nukta, kila moja ikiwa na mahali pake na kina chake, kisha kuziunganisha ziwe ramani ambayo nahodha angeweza kuiaminia roho yake na za mabaharia wake. Swali lililomkabili, la kuchagua nukta zipi ili kosa lisipate pa kujificha, ndilo linalowakabili leo wataalamu wanaounda programu za kompyuta za jiometri.

Alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka wa 1774, akiwa mwana wa nje ya ndoa wa afisa wa jeshi la majini. Baba yake alifariki alipokuwa angali mtoto mdogo. Mnamo 1788, kabla ya kutimiza miaka 14, aliingia katika jeshi hilo hilo la majini, na humo ndimo alimolelewa na kukomaa.

Mwaka wa 1808 alitekwa na Wafaransa na kuzuiliwa katika kisiwa cha Mauritius hadi 1810. Huko alifahamiana na mfungwa mwenzake, Matthew Flinders, aliyekuwa amepima pwani za Australia. Baada ya kuachiliwa alipandishwa cheo, na katika miaka ya 1815 na 1816 akatumwa kupima maziwa makuu ya Kanada.

Safari iliyomleta kwetu ilianza mapema mwaka wa 1822. Alipewa merikebu mbili, Leven na Barracouta, na amri ya kupima pwani ya mashariki mwa Afrika, ambayo ramani zake zilikuwa chache na zenye makosa mengi.

Chombo kikuu cha kazi hiyo kilikuwa bildi, yaani pande la risasi lililofungwa kambani. Kamba iliwekwa alama kwa pima, na kila pima ni karibu mita 1.8. Chini ya bildi palikuwa na tundu lililojazwa mafuta ya mnyama, ili liponate mchanga, tope au vipande vya matumbawe kutoka sakafu ya bahari. Mashua ilivutwa kwa makasia kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, bildi ikitupwa na kupandishwa mara kwa mara, huku karani akiandika.

Kina bila mahali hakina faida. Kwa hiyo wapimaji wa zama hizo walichagua alama tatu za nchi kavu, kama vile mnara, mti mrefu au ncha ya mwamba, wakapima pembe zilizo kati yake kutoka mashuani. Pembe mbili zilitosha kuonyesha mashua iko wapi.

Hata hivyo, njia hiyo ina mtego. Iwapo mashua imesimama juu ya duara lile lile linalopita katika alama zote tatu, pembe hubaki zile zile hata mashua ikisogea juu ya duara hilo. Vipimo huonekana sahihi, hesabu hukubali, lakini mahali hapajulikani. Mpimaji mzoefu aliujua mtego huo, naye alichagua alama zake kwa hadhari.

Kazi hii iligharimu maisha. Huko Delagoa, katika nchi inayoitwa leo Msumbiji, homa iliwafagia mabaharia waliopanda mito kwa mashua. Nahodha wa Barracouta, William Cutfield, alikuwa miongoni mwa waliofariki, na nafasi yake ikachukuliwa na Alexander Vidal. Kufikia mwisho wa safari mwaka wa 1826, zaidi ya nusu ya watu walioondoka Uingereza na Owen walikuwa wamekufa.

Vidal ndiye aliyetangulia kufika Mombasa, Desemba 1823. Alikuta mji ulio chini ya Mazrui ukiwa na hofu ya kuvamiwa na Sayyid Said bin Sultan wa Muscat. Wakuu wa mji walimwomba awaruhusu kupandisha bendera ya Uingereza, naye akakataa. Hata hivyo, Owen alipowasili Februari 1824, alikuta bendera hiyo imekwisha kupandishwa.

Owen aliuchukia utumwa kwa dhati, na hapo aliona nafasi ya kuupiga pigo. Bila idhini ya serikali yake, alifanya mapatano na Liwali Sulaiman bin Ali: Mombasa iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nusu ya ushuru wa forodha iende kwa Waingereza, na biashara ya watumwa ikomeshwe. Reitz akaachwa kusimamia, na Owen akaendelea na safari yake ya kupima.

Reitz hakukawia. Alipokuwa katika safari ya kusini kuelekea Pangani, alishikwa na homa akafa. Hori pana la magharibi mwa kisiwa, lenye Changamwe upande mmoja na nchi ya Likoni na Mtongwe upande wa pili, likapewa jina lake. Luteni James Emery alichukua usukani Agosti 1824. Lakini Uingereza ilimtaka Sayyid Said awe rafiki yake katika Ghuba, nayo ikakataa kuyatambua mapatano ya Owen. Julai 1826 bendera ilishushwa. Mazrui waliendelea kupambana peke yao hadi utawala wao ulipovunjwa mwaka wa 1837.

Siasa ya Owen ilidumu miaka miwili na ushei. Ramani zake zilitumika kwa miongo mingi.

Ni vyema kukumbuka kwamba wenyeji hawakusubiri Waingereza ndipo wajue maji yao. Jina Kilindini lenyewe latokana na kilindi, maji yenye kina kirefu, na manahodha wa majahazi walizijua njia za kupita miambani kwa macho na kwa kumbukumbu. Owen alichoongeza ni kuyageuza maarifa ya aina hiyo kuwa nukta zilizoandikwa, ambazo mgeni asiyewahi kufika angeweza kuzisoma na kuzihakiki.

Leo vina vya bandari hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na kompyuta ndiyo huunganisha nukta. Njia inayotumika sana ni kuziunganisha ziwe pembetatu, kwa kufuata kanuni ya Mrusi Boris Delaunay iliyochapishwa mwaka wa 1934: duara linalopita katika ncha tatu za kila pembetatu lisiwe na nukta nyingine ndani yake. Kutokana na pembetatu hizo, programu hukadiria kina cha mahali ambapo hapakupimwa.

Je, programu hiyo ikikosea, nani atajua? Ndiyo sababu waundaji hutengeneza makundi ya nukta za majaribio kabla ya kuiamini. Wengi huanza kwa kuitaka kompyuta itawanye nukta kwa bahati nasibu ndani ya mraba. Jaribio hilo lafaa, lakini halitoshi, kwa kuwa nukta za bahati nasibu ni nadra kulala kwenye mstari mmoja au duara moja. Programu mbovu inaweza kufaulu majaribio elfu ya namna hiyo kisha ikaanguka siku ya kwanza ya kazi halisi.

Nukta za kazi halisi zina tabia nyingine. Mashua inayovuka kutoka Likoni hadi kisiwani huacha vipimo vilivyopangana kwenye mstari mmoja, vikiwa vimesongamana njiani, na pengo kubwa kati ya njia moja na nyingine. Mahali pengine hupimwa mara mbili, na nukta mbili zikaangukiana. Nukta tatu zilizo kwenye mstari mmoja haziwezi kuunda pembetatu. Nukta nne zilizo kwenye duara moja zina majibu mawili yaliyo sawa, na programu isiyoamua huzunguka bila kikomo.

Kompyuta nayo huhifadhi namba kwa takriban tarakimu 16 tu, hivyo nukta iliyo karibu mno na mstari inaweza kuonekana iko kulia katika hesabu moja na kushoto katika hesabu nyingine. Kwa hiyo fundi makini hutengeneza kwa makusudi nukta za mstari mmoja, nukta za duara, nukta zinazorudiwa na zile zinazokaribia tu mstari. Tena huiandika namba iliyoanzishia bahati nasibu, ili kundi lile lile liweze kutengenezwa upya kosa linapochunguzwa.

Jaribio bora ni lile ambalo jibu lake lajulikana kabla. Chukua ubao wa bao lenye safu nne za mashimo manane, na ufanye kila shimo kuwa nukta. Nukta ni 32, na 20 kati yake ziko ukingoni. Kanuni ni kuzidisha idadi ya nukta kwa mbili, kutoa mbili, kisha kutoa zile za ukingoni: 64 toa 2 toa 20, jibu ni pembetatu 42. Mtu aweza kuhakiki kwa kidole, kwa kuwa kuna miraba 21 na kila mraba hutoa pembetatu mbili. Mashimo manne ya kila mraba yako kwenye duara moja, kwa hiyo ubao huo unabeba mitego ya mstari na ya duara kwa pamoja. Programu ikitoa 41 au 43, ina kasoro.

Owen angeufahamu mtihani huo mara moja. Duara lililoweza kumdanganya mpimaji mashuani ni ndugu wa duara linaloitatiza kompyuta leo.

Baada ya Mombasa alipelekwa mwaka wa 1827 katika kisiwa cha Fernando Po, magharibi mwa Afrika, akaanzisha kituo cha kupambana na merikebu za watumwa. Kituo hicho ndicho mji unaoitwa leo Malabo. Mwaka wa 1833 masimulizi ya safari zake za Afrika yalichapishwa. Miaka miwili baadaye alihamia kisiwa cha Campobello, Kanada, kilichokuwa mali ya jamaa zake, na katika miaka ya 1840 akapima Ghuba ya Fundy, maarufu duniani kwa maji yake kujaa na kupwa kupita kiasi. Alifariki Novemba 3, 1857 katika mji wa Saint John, akiwa na umri wa miaka 83 na cheo cha makamu wa amiri.

Meli zinazoingia Kilindini leo haziongozwi tena na bildi. Lakini kila kipimo kinachoongezwa kwenye ramani ya bandari hiyo bado hulazimika kujibu maswali yale yale mawili: kimechukuliwa wapi hasa, na nani amekihakiki. Vijana wa Changamwe, Kisauni na Likoni wanaosomea kompyuta wana mfano wake karibu nao, kwenye hori lenye jina la Reitz.