D.O. Misiani: Mtanzania aliyelipa gitaa sauti ya nyatiti

AJALI ya gari iliyotokea Kisumu, nchini Kenya, Mei 17, 2006, ilikatisha maisha ya Daniel Owino Misiani, mwimbaji na mtunzi aliyekuwa na umri wa miaka 66. Mashabiki walimwita babu wa benga, muziki ambao Wakenya wanauhesabu kuwa wao. Babu huyo, hata hivyo, alikuwa Mtanzania.

Misiani alizaliwa Februari 22, 1940, katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, mkoani Mara. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji, lakini baba yake, mtu aliyeshika sana dini, hakuridhia mwanawe awe mwanamuziki. Inasimuliwa kuwa mzee huyo alifikia hatua ya kumvunjia gitaa. Kijana hakurudi nyuma. Katika miaka ya 1960 alivuka mpaka kuingia Kenya, na huko akaunda kundi lililokuja kufahamika kama Shirati Jazz. Alikuwa ameiacha Shirati, lakini jina lake alilibeba.

Neno jazz katika majina ya bendi za wakati ule halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi peke yake. Lilimaanisha muziki wa dansi wa kisasa, wa magitaa na ngoma za kizungu. Misiani aliuchukua muziki huo akautia nyumbani kwao. Alifanya gitaa lidonoe kama nyatiti, zeze la Wajaluo lenye nyuzi nane, huku besi ikisukuma mwendo wa haraka. Maneno aliyaimba kwa Kijaluo, lugha ya pande zote mbili za mpaka.

Uamuzi huo haukumfungia mlango. Benga iliigwa na wanamuziki wa Kikuyu na Kikamba walioimba kwa lugha zao. Rekodi zilizotolewa na mfanyabiashara wa muziki Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, ambako mtindo huo uliitwa kanindo. Mwaka 1989 albamu ya Benga Blast! ilitolewa nchini Uingereza.

Lugha hiyo hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Misiani alizoea kuwasema wakubwa kwa mafumbo, na wasikilizaji waliojua Kijaluo walimwelewa upesi. Wenye mamlaka nao walielewa, wala hawakufurahi. Kwa mgeni asiye raia wa Kenya, wimbo mmoja uliweza kumletea kitisho cha kurudishwa kwao. Pamoja na hayo, aliendelea kutunga hadi uzeeni.

Habari zake zinawahusu pia watu wa mwambao mwingine wa nchi hii, ulio mbali na Shirati. Huko Mbamba Bay na Lituhi, mkoani Ruvuma, Wanyasa nao wanaishi kando ya ziwa lenye mipaka, wakiwa na ndugu ng'ambo ya pili na ngoma zao za mganda na kioda. Kijana wa huko anayeshika gitaa leo anaweza kudhani kuwa lugha ya bibi yake haifiki mbali. Misiani aliimba kwa lugha ya kijijini kwake, na Harare wakacheza.