Baskerville: Alitajirika kwa masinia, akapata hasara kwa herufi

Anayefungua orodha ya fonti kwenye kompyuta huenda akakutana na jina Baskerville. Ni jina la Mwingereza aliyefariki Januari 1775, ambaye herufi zake ziliheshimiwa ugenini kuliko nyumbani.

John Baskerville alizaliwa Wolverley, Worcestershire, mwanzoni mwa karne ya 18. Alipohamia Birmingham alifundisha mwandiko na kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Kazi hiyo haikumjaza mfuko. Fedha ilikuja baadaye, alipofungua kiwanda cha kupaka masinia na masanduku vanishi ya kung'aa.

Karibu mwaka 1750, akiwa tayari na mali, alirudia mapenzi yake ya zamani. Vitabu vya Uingereza wakati huo vilichapwa zaidi kwa herufi za William Caslon. Baskerville alitaka zake ziwe na tofauti iliyo wazi zaidi kati ya mistari minene na myembamba, na visigino vile vidogo vya kwenye ncha za herufi viwe vikali. John Handy alizichonga katika chuma kwa kufuata maelekezo yake.

Tatizo ni kwamba mistari myembamba namna hiyo haitoki vizuri kwenye karatasi yenye mikwaruzo. Basi akaiboresha mashine ya kuchapia, akatengeneza wino mweusi zaidi, akatafuta karatasi laini, na kurasa zilizokwisha kuchapwa akazibana kati ya bamba za shaba zilizopashwa moto. Miaka ilipita bila kitabu hata kimoja. Cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka 1757. Biblia aliyoichapa Cambridge ilifuata 1763, na wengi huihesabu kuwa kazi yake bora.

Shukrani hakupata. Wapo waliodai kwamba kurasa zake zinaumiza macho. Benjamin Franklin, aliyempenda, alimtega mmoja wao: alichukua karatasi ya herufi za Caslon, akachana sehemu yenye jina, akamwonyesha kama kazi ya Baskerville. Bwana yule akaanza kuzitaja kasoro moja baada ya nyingine! Kicheko hicho hata hivyo hakikuuza vitabu, na fedha ya masinia iliendelea kumezwa na uchapaji.

Mjane wake, Sarah, ndiye aliyebaki na mzigo. Alikuwa ameingia nyumbani humo na watoto wake baada ya mume wa kwanza, Bwana Eaves, kumkimbia. Ndoa na Baskerville ilifungwa 1764, Eaves alipofariki. Mwaka 1779 aliziuza herufi kwa Mfaransa Beaumarchais, akazitumia kuchapa maandishi yote ya Voltaire huko Kehl, ng'ambo ya mto Rhine.

Mihuri ya chuma ilikaa Ufaransa hadi 1953, kampuni moja ya Paris ilipoikabidhi Cambridge kama zawadi. Sarah naye hakusahauliwa: mwaka 1996 msanifu Zuzana Licko alitengeneza fonti kwa kufuata ya Baskerville, akaiita Mrs Eaves.